KAZI YA KWELI NI DAWA
Namna ya kumrudisha mgonjwa katika maisha yake ya kila siku



Katika gazeti letu tumezoea kueleza mambo ya afya kama maji safi, malaria na kipindupindu. Mara hii tunataka kueleza jambo ambalo watu wengi hawalifikiri mpaka siku linapoingia nyumbani kwao. Mtu amegonjwa sana, au amevunjika, au amekatwa mguu. Amelala hospitali miezi miwili au mitatu. Wanganga wamepigana na ugonjwa, na hakufa. Anarudi nyumbani, watu wanafurahi, wanamshukuru Mungu, wanakula pamoja. Kisha kila mtu anarudi shambani kwake, na yeye anabaki amekaa mlangoni. Mwezi unapita, mwaka unapita, yeye iko pale pale. Je, huyu amepona?

Kidonda kimepona, ndiyo. Lakini mtu mwenyewe hajarudi bado. Kati ya kupona kidonda na kurudi katika maisha kuna njia ndefu, na juu ya njia hiyo ndiyo tunataka kuzungumza.

1. Tiba hii ni kitu gani?

Kuna kazi ya uganga inayoitwa ergoterapia, maana yake tiba kwa njia ya kazi. Inakwenda pamoja na kinesiterapia, lakini hivi si kitu kimoja. Kinesiterapia inatazama zaidi kiungo: goti linakunjika kiasi gani, mkono uko na nguvu gani. Ergoterapia inatazama mtu pamoja na shughuli zake: mama huyu anaweza kuvaa nguo peke yake? Anaweza kuoga, kwenda chooni, kupika, kulima, kubeba mtoto?

Neno «kazi» hapa ni pana. Si kazi ya mshahara tu. Kwa mtoto, kazi ni kucheza na kusoma. Kwa mzee, pengine kazi ni kusuka kitunga huku akiongea na wajukuu. Kazi ni kila jambo ambalo mtu analifanya katika siku yake, na ambalo akilikosa anaanza kujiona kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Katika inchi yetu wanganga wa kinesiterapia wanapatikana katika hospitali kubwa, lakini wa ergoterapia ni wachache sana. Kwa jirani zetu wa Tanzania, hospitali ya KCMC kule Moshi iko na shule inayofundisha kazi hii. Huku kwetu Lubondja, na katika vijiji vya Fizi, mgonjwa anayerudi nyumbani yuko mikononi mwa watu wa nyumba yake, munganga wa kituo cha afya, jirani, mwalimu, na wanafunzi wenzake. Kwa hiyo ni vema sisi wote tujue misingi yake.

2. Ilitoka wapi?

Shauri hili si jipya. Zamani, kule Ulaya, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo na kutupwa katika nyumba chafu. Mwaka wa 1796, katika mji wa York, Uingereza, William Tuke na wenzake wa kanisa la Marafiki walifungua nyumba ya namna nyingine. Hao ndio Wakwekeri. Huku Fizi tunawajua kwa kanisa na hospitali yao ya Abeka. Katika nyumba ya York, wagonjwa walitendewa kama watu. Walipewa kazi ya bustani, ya kushona, ya nyumbani. Ilionekana kwamba mtu mwenye kazi mikononi anatulia kuliko mtu mwenye mnyororo mguuni.

Huko Marekani, mwaka wa 1917, watu sita walikutana Clifton Springs, katika jimbo la New York, wakaanzisha chama cha kwanza cha tiba ya kazi. Mmoja wao, George Barton, alikuwa mchora ramani za nyumba, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa: aligonjwa kifua kikuu, akapasuliwa mguu, akapooza upande wa kushoto. Alijifunza kurudisha nguvu zake kwa kufanya kazi za mikono na za bustani. Kwa hiyo mmoja wa waanzilishi wa tiba hii hakuijua kwa kusoma vitabu tu. Aliijua katika mwili wake.

Afrika pia iko na historia yake. Katika milima ya Usambara, Tanzania, kuna hospitali ya Lutindi ya kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani waliianza mwaka wa 1896 kama makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Tangu 1904 ikapokea wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa wanafanya kazi za shamba, za chai na za mikono, kazi zile zile ambazo watu wa milima ile wanazifanya. Na kule Abeokuta, Nigeria, mwaka wa 1954, Dr Thomas Adeoye Lambo alianza jambo la ajabu. Badala ya kuwafungia wagonjwa wa akili katika hospitali ya Aro, aliwaweka katika vijiji vya karibu. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake wa kumpikia na kumtunza. Mchana walipata matibabu na kazi, na jioni walikuwa katika kijiji kama watu wengine. Lambo aliona kwamba mtu atakayerudi kuishi kijijini ni vizuri aponyeshwe kijijini.

3. Namna ilivyopotea njia

Sasa, ikiwa mambo yalianza vizuri hivi, sababu gani leo tunasema ni lazima tiba hii irudi karibu na maisha ya kweli?

Ni kwa sababu hospitali zilikua. Wanganga walitaka vitu vinavyopimika, na chumba kimoja chenye vyombo kwa wagonjwa wote. Kidogo kidogo, bustani na jikoni zikaachwa. Mgonjwa akapewa kibao chenye matundu, atie vijiti katika matundu, avitoe, avitie tena. Akapewa vikombe vya plastiki avipange juu ya meza. Wengine walipewa kusuka vikapu, hata kama katika maisha yao hawakupenda kikapu wala kuhitaji kusuka.

Vyombo hivi si vibaya. Vinaweza kusaidia vidole vilivyolala kuamka. Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa fundi wa kutia vijiti katika matundu, na akifika nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Anafundishwa kupanda ngazi za mbao zenye kishikio kila upande. Kwao hakuna ngazi hata moja, kuna kilima, matope, na mti uliolazwa juu ya mto. Anafundishwa kuketi na kusimama kutoka kitandani kirefu. Kwao analala juu ya mkeka. Anafundishwa kutumia choo cha kukalia. Kwao choo ni shimo. Hospitali inaandika katika karatasi: «Anatembea vizuri.» Ni kweli, anatembea vizuri hospitalini.

4. Sababu gani kazi ya kweli inaponya zaidi?

Sababu ya kwanza iko katika ubongo. Mtu aliyepooza upande mmoja juu ya mshipa wa damu uliopasuka au kuziba kichwani, ubongo wake unaweza kujifunza tena. Lakini ubongo unajifunza kile unachokifanya, na unajifunza kwa kurudiarudia. Anayetaka kujua kuogelea, ataingia majini. Hata akikimbia kila siku hatajua kuogelea. Wachunguzi wamepima pia namna mkono unavyokwenda. Mtu akinyosha mkono kwa kushika kitu cha kweli anachokihitaji, mkono unakwenda vizuri na kwa unyofu zaidi kuliko akiambiwa tu kunyosha mkono hewani.

Sababu ya pili iko moyoni. Mwambie mama ainue mkono mara hamsini, atachoka mara kumi. Mpe karanga za kuchambua kwa chakula cha jioni, mikono yake itafanya kazi saa nzima bila kuhesabu, kwa sababu anajua karanga zile zitaliwa na nani.

Sababu ya tatu iko kwa watu wengine. Watu wa nyumbani wakimwona mgonjwa anafanya mazoezi ya kitandani, bado wanaona mgonjwa. Wakimwona anachagua maharagi, anamwogesha mjukuu, anapima unga sokoni, wanaanza kumwona tena mama wa nyumba. Wanamwuliza shauri. Na mtu anayeulizwa shauri anapona upesi zaidi.

5. Namna ya kufanya

Tunaeleza hapa hatua tano. Hakuna hata moja inayodai mashini.

Hatua ya kwanza: uliza. Usimchagulie mgonjwa. Mwaka wa 1991 wataalamu wa Canada walitoa kipimo kinachotumiwa sasa katika inchi nyingi. Mgonjwa mwenyewe anataja mambo mpaka matano ambayo anataka sana kuyaweza. Kwa kila jambo anajipa pointi, kutoka 1 mpaka 10: analiweza kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Baada ya majuma kadhaa wanauliza tena na kulinganisha. Ni kipimo rahisi, hata mwanafunzi anaweza kukiandika katika kaye yake. Na majibu yanaweza kushangaza. Munganga anafikiri mama anataka kutembea, kumbe mama anasema: «Mimi nataka kwanza kwenda chooni bila kumwita mukwe wangu.»

Hatua ya pili: nenda uone. Tazama nyumba, njia, mto, choo, jiko, shamba. Pima mlango. Hesabu hatua kutoka nyumba mpaka maji. Kama munganga hawezi kufika, ndugu aliyemlinda mgonjwa hospitalini aeleze vizuri, hata kwa kuchora chini kwa kijiti. Huku kwetu karibu kila mgonjwa ana ndugu wa kumlinda na kumpikia. Yeye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa tiba hii. Kila jambo linalofundishwa kwa mgonjwa lifundishwe kwake pia.

Hatua ya tatu: kata kazi vipande vipande. Tuchukue kazi ya kuteka maji. Iko na vipande hivi: kushuka mtoni, kuinama, kujaza bidoni, kuinua, kutwika kichwani, kupanda kilima, kutua. Mama mwenye mkono dhaifu anaweza kushindwa kipande kimoja tu, kile cha kutwika. Lakini hata wenye nguvu wanatwikwa na wenzao mtoni! Basi kama jirani anakubali kumtwika, na bidoni ni ya litri 5 badala ya 20, kazi imewezekana. Tungesema tangu mwanzo «hawezi kuteka maji», tungemnyima kazi yote kwa sababu ya kipande kimoja.

Hatua ya nne: geuza chombo au pahali, kama kiungo hakigeuki tena. Tunatoa mifano.

Kumenya muhogo kwa mkono mmoja: chukua kibao kizito, piga misumari miwili mirefu toka chini, ncha zitokee juu. Muhogo unachomwa juu ya misumari, hauendi popote, na mkono mzima unamenya. Mkono dhaifu unawekwa juu ya kibao kwa kukikandamiza, ili nao ufanye kazi. Ukimaliza, weka kibao mbali na watoto.

Kusonga bugali kwa mkono mmoja: juu ya mafiga matatu sufuria inazunguka pamoja na mwiko. Jenga jiko la udongo kwa kipimo cha sufuria. Sufuria inakaa ndani, haizunguki, na kuni zinapungua pia.

Kuandika kwa vidole dhaifu: zungusha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye kalamu mpaka inenepe. Ni rahisi kushika. Kijiko na kisu pia, namna hiyo hiyo.

Kutembea kwa magongo katika matope: ncha ya gongo inazama. Kata kipande kipana cha mpira wa gari, kifunge chini ya gongo kama kiatu. Na kwa sababu mwenye magongo mawili hana mkono wa kubeba kitu, mshonee mfuko wa mgongoni.

Choo cha shimo: simika miti miwili yenye nguvu kila upande wa shimo, mtu aishike akichuchumaa na akisimama. Kama magoti hayakunjiki, toboa kiti cha mbao katikati ukiweke juu ya shimo.

Hatua ya tano: panda kidogo kidogo. Kwanza kuchagua maharagi, baadaye kuosha sahani, baadaye kukamua nguo, baadaye kutwanga sombe. Kila kazi inadai nguvu kidogo kuliko ile inayofuata. Hivyo jikoni yote inakuwa chumba cha mazoezi, na hakuna dakika inayopotea.

6. Mifano miwili ya jimbo letu

Watu wanaohitaji tiba hii kwetu ni wengi. Kuna waliopigwa risasi katika vita, kuna walioangukiwa na udongo katika mashimo ya dhahabu, kuna walioanguka na pikipiki, kuna wazee waliopooza. Tunataka kuongeza ugonjwa mmoja ambao unatuhusu sisi wakulaji wa muhogo. Unaitwa konzo.

Konzo iliandikwa na munganga Trolli mwaka wa 1938 kule Kwango, na jina lenyewe limetoka katika lugha ya huko. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Inawashika zaidi watoto na mama wenye umri wa kuzaa. Sababu yake ni sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, hasa wakati wa njaa au vita, watu wakila muhogo karibu peke yake bila samaki, nyama wala maharagi. Mwaka wa 2011 wachunguzi walitangaza kwamba konzo imeonekana katika Kivu ya Kusini, kule Burhinyi, wilaya ya Mwenga ambayo inapakana na Fizi yetu.

Konzo haiponi. Miguu inabaki hivyo maisha yote. Lakini pia kwa kawaida haizidi tena. Sasa fikiri: munganga anayetazama kiungo tu atasema, «Hakuna la kufanya.» Munganga anayetazama maisha atasema, «Kuna mengi ya kufanya.» Mtoto huyu anahitaji magongo ya kimo chake, njia iliyosawazishwa mpaka masomoni, benchi lenye pahali pa kunyosha miguu, na choo chenye vishikio. Akipata hayo anaweza kumaliza sita yake na kuwa mwalimu, fundi wa radio, mshonaji au mwandishi. Akikosa hayo, miguu ndiyo imegonjwa, lakini ni maisha yote yanayopooza.

Mfano wa pili ni mwanaume aliyekatwa mguu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchimba dhahabu au kulima. Wengi wanakimbilia kumwambia, «Ujifunze kushona.» Pengine atapenda, pengine hapana. Tumwulize kwanza. Akisema, «Mimi ni mlimaji,» basi tutafute namna ya kulima: jembe la mpini mfupi, kazi ya kukata na kupanda miti ya muhogo, kupalilia akiwa amekaa juu ya gunia lililojazwa majani, shamba la karibu badala ya lile la mbali ambalo ndugu wanaweza kubadilishana naye. Na akisema anataka kushona, tuangalie kama charahani ya kukanyaga inawezekana kwa mguu mmoja, kama kuna soko la nguo katika kijiji chake, na kama washonaji si wengi kupita wateja. Kumfundisha mtu kazi isiyo na mnunuzi ni kumrudisha mlangoni kwa njia ndefu.

Jambo hili lilionekana pia kule Vellore, India. Dr Paul Brand, mpasuaji wa misioni, alitengeneza mikono ya watu wenye ukoma, vidole vilivyopinda vikanyoka. Lakini wengine walirudi kulalamika. Zamani waliomba sadaka kwa mikono yao mibaya. Sasa mikono ni mizuri, watu hawatoi kitu, na kazi hawana. Brand akaelewa kwamba kunyosha vidole bila kazi ya vidole hakutoshi. Mwaka wa 1951 walianzisha pahali pa kujifunza useremala na kazi nyingine, wakiishi katika nyumba za namna ya kijijini.

7. Mambo ya kuangalia

Kazi ni dawa, lakini dawa ikitumiwa vibaya inadhuru.

Mkono usiosikia maumivu, kwa sababu ya ukoma au ugonjwa wa sukari, unaweza kushika sufuria ya moto na kuungua bila mwenyewe kujua. Apewe vitambaa au vishikio vya mti, na kila jioni achunguze mikono na miguu yake kama kuna kidonda.

Mtu aliyepooza upande mmoja, usimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake halina ulinzi, linaweza kuteguka. Mshike kwenye kiuno.

Kama maumivu yanazidi, kama kuna homa, kidonda kinachonuka au uvimbe mpya, acha kazi, mpeleke kwa munganga. Tunayoandika hapa hayakamati pahali pa munganga.

Tena, kazi ya tiba isigeuzwe kuwa utumwa. Imetokea katika inchi nyingi kwamba wagonjwa wa hospitali za akili walilimishwa mashamba makubwa bila malipo, na faida ikaenda kwa wengine. Alama ya kujua ni hii: kazi hii inamsaidia nani? Kama inamsaidia mgonjwa kurudi kwake, ni tiba. Kama mgonjwa anazuiliwa asirudi kwao kwa sababu kazi yake inahitajiwa, si tiba tena.

8. Na hapa masomoni?

Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka wa 2022 kwamba watu kama miliari 1,3, maana yake karibu mtu mmoja katika sita, wako na kilema cha maana. Katiba ya inchi yetu ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba watu wenye kilema wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Tena tarehe 3 mwezi wa 5, 2022, ilitoka sheria nzima juu ya haki zao. Lakini sheria haiwezi kusawazisha njia ya chooni. Jembe ndilo linaweza.

Katika masomo mengi, siku ya salongo, mwanafunzi mwenye mguu mbaya anaambiwa, «Wewe kaa kwa kivuli.» Wanasema kwa huruma. Anakaa. Wenzake wanalima, wanaimba, wanachekeshana. Kisha wanaoga pamoja na kusimulia kazi waliyofanya. Yeye hana la kusimulia. Amepewa mapumziko, lakini amenyanganywa kitu ambacho wengine wanakipata bila kujua: kuwa mmoja wao. Huruma inayomnyima mtu kazi inaweza kumlemaza kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo tunaleta mashauri haya mbele ya walimu na wanafunzi:

a) Siku ya salongo, kila mwanafunzi awe na kazi. Asiyeweza kulima anaweza kunoa majembe, kufunga mipini, kuhesabu vyombo, kupanga zamu, kuchagua mbegu. Achague mwenyewe, tusimchagulie.

b) Njia kati ya kalasi na choo isawazishwe, na choo kimoja kipate vishikio vya miti. Ni kazi ya asubuhi moja, na misumari ni kidogo.

c) Katika kila kalasi, benchi moja karibu na mlango liwe kwa ajili ya yule anayetembea kwa shida.

d) Tusimsaidie mwenzetu kabla ya kumwuliza. Kumbebea mfuko kila siku bila kuulizwa ni kumfundisha kwamba hawezi. Swali zuri ni hili: «Ndugu, nikusaidie wapi?» Akijibu, «Hapa hapana, lakini pale mtoni ndiyo,» basi mumeelewana.

e) Wakati wa likizo, kila mwanafunzi wa kalasi ya tano na ya sita amtembelee mtu mmoja katika kijiji chake ambaye amekaa mlangoni. Aombe ruhusa kwanza. Amwulize mambo matano anayotaka kuyaweza, na pointi zake. Wachague pamoja jambo moja, wakate vipande, watafute kipande kinachoshinda, watengeneze chombo. Mwishoni mwa likizo waandike pointi tena.

Tunajua wengine watauliza, «Sisi si wanganga, tutaweza nini?» Tangu mkutano wa Alma-Ata wa 1978, na zaidi katika miaka ya 1980, Shirika la Afya lilitafuta namna ya kuwafundisha watu wa kijiji wenyewe kazi hii, kwa sababu lilitambua kwamba wagonjwa wengi hawatafikiwa kamwe na hospitali kubwa. Mwaka wa 1989 likatoa kitabu kwa ajili hiyo, na kati ya watu waliotajwa kuwa wafundishaji ni jamaa za mgonjwa na walimu wa shule. Kwa hiyo hatuombi ruhusa ya kitu kigeni. Kibao chenye misumari miwili hakidai diploma.

Mwenye kujua chombo kingine kilichotengenezwa kijijini kwake, gongo, kiti, mpini, jiko, au namna ya kulima ukiwa umekaa, akichore vizuri na kutuletea pamoja na maelezo mafupi: kimetengenezwa kwa mti gani, kipimo gani, na kinamsaidia mtu kufanya kazi gani. Asiandike jina la mgonjwa. Michoro mizuri tutaichapa katika namba inayokuja, na kopi moja tutaipeleka kwa kituo cha afya.